Fedha za Wanaolala Nje Zilindwe kwa Sheria

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya wabunge, wawakilishi wa wadi, wafanyakazi wa ustawi wa jamii na wananchi

Nina ombi moja nililowaletea, na nitalitamka mapema ili kila nitakalolisema baadaye mlipime kwa ombi hilo. Naomba fedha ambazo Serikali inatenga kwa ajili ya watu wanaolala nje zilindwe kwa sheria ya Bunge, zisibaki kuwa fungu la kupunguzwa kila mwaka wa fedha unapobana.

Mwaka 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ikiwa bado mpya madarakani, nchi yetu ilianzisha hazina mbili. Ya kwanza ilitangazwa mwezi Machi kwa notisi katika Gazeti rasmi la Serikali: Hazina ya Urekebishaji wa Familia za Mitaani. Waziri wa Serikali za Mitaa wakati huo alikuwa mwana wa Pwani, marehemu Karisa Maitha, na wazee waliopo hapa wanakumbuka jinsi alivyolivalia njuga jambo hilo. Vijana waliokuwa wakinusa gundi katikati ya jiji la Nairobi walichukuliwa, wakaoshwa, wakapewa sare na kupelekwa kwenye mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, Serikali ilikuwa imesema waziwazi kwamba chokoraa ni raia wake na kwamba atatengewa fedha zake.

Hazina ya pili ni ile tuliyoizoea kwa jina la CDF, yaani Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge. Hiyo ilipitishwa na Bunge kama sheria, na sheria yenyewe ikataja kiasi: si chini ya asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya Serikali yaende kwenye maeneobunge. Sheria ya 2015 iliyochukua mahali pake nayo ikashikilia asilimia hiyohiyo katika fungu la serikali ya kitaifa. Mahakama Kuu iliposema mwaka 2024 kwamba sheria hiyo inapingana na Katiba, na kwamba hazina hiyo ikome ifikapo Juni 30, 2026, Bunge la Taifa halikukaa kimya. Mwaka 2025 lilipitisha mswada wa kuiingiza hazina hiyo ndani ya Katiba yenyewe.

Waheshimiwa, silitaji hili kuwalaumu. Watoto wengi wa nchi hii wamesoma kwa basari za CDF, na madarasa yaliyojengwa kwa fedha hizo tunayaona. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba mnajua fedha hulindwa vipi. Mnajua kwamba fungu lisiloandikwa katika sheria ni fungu linaloweza kupotea. Hazina hizi mbili ni za umri mmoja. Moja ilipewa sheria na asilimia. Nyingine ilipewa notisi, kisha ikahamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine, ikingojea kila mwaka ionewe huruma na afisa wa bajeti. Sioni sababu ya haki ya kuzitofautisha hivyo, na waliohitaji ulinzi zaidi ndio waliokosa.

Wanaohusika ni kina nani? Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639. Nairobi ilikuwa na 15,337, na ya pili ilikuwa Mombasa yetu hii, watu 7,529. Nawaomba Wamombasa tuitafakari hesabu hiyo. Kaunti ndogo kuliko zote nchini kwa eneo ilikuwa ya pili kwa wingi wa watu wasio na paa. Na hesabu hiyo haigusi familia iliyofurushwa kwenye chumba cha kupanga ikaenda kujibana kwa shangazi, watu tisa chini ya bati moja. Hao wanangoja tu siku shangazi atakapochoka.

Ukitembea usiku baada ya maduka kufungwa, utawakuta kwenye baraza za Mwembe Tayari na pembezoni mwa soko la Kongowea, wamelalia makatoni na magunia. Tuna mazoea ya kusema watoto wa mitaani, kana kwamba wote ni watoto. Wapo wazee walioletwa na ugonjwa wa akili, ambao jamaa zao walikata tamaa. Wapo wanawake wenye watoto wachanga, nao usiku hulala kwa zamu ili mmoja abaki macho, kwa sababu wanajua nini huwapata waliolala wote. Wapo vijana waliozaliwa barabarani na wazazi ambao nao walizaliwa barabarani, na sasa wana watoto wao. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia arudi kwao. Kwao ni palepale alipo.

Masika yakianza, katoni haifai tena kitu. Mtoto hukohoa wiki tatu, na zahanati humwuliza mlezi wake yuko wapi. Kule Eldoret watafiti walifuatilia vifo vya watoto na vijana wa mitaani kuanzia Oktoba 2009 hadi Desemba 2016, wakaandika vifo 100 katika mji huo mmoja. Zaidi ya theluthi moja vilitokana na UKIMWI, ugonjwa ambao dawa zake hutolewa bure katika hospitali za umma. Vingine vingi vilitokana na kupigwa na ajali. Hawa hawakufa kwa kukosa elimu ya tiba nchini. Walikufa kwa kukosa mahali pa kuweka chupa ya dawa, saa ya kuinywea, na mtu wa kuwauliza jioni kama wamemeza.

Mtu hafiki barabarani kwa siku moja. Baba anakufa, ardhi inauzwa na ami, mama anakuja mjini kutafuta kibarua. Au mama ameolewa tena, na mume mpya hamtaki mtoto wa kwanza. Au ukame unamaliza mifugo ya familia huko bara, na kijana wa miaka kumi na tatu anadandia lori. Na mara nyingine ni sisi wenyewe, yaani Serikali, tunaowatoa watu ndani ya nyumba. Novemba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga, Nairobi, na maelfu ya watu wakalala juu ya vifusi vya nyumba zao. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, nyumba za kandokando ya mito ya Nairobi zilibomolewa huku mvua ikiendelea. Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha kusema, Januari 2021, katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, kwamba haki ya makao ni haki inayodaiwa mahakamani. Hukumu ni nzuri, lakini hukumu peke yake haiezeki nyumba. Fedha za kuitekeleza ni nyinyi mnaozipitisha.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye kazi yenyewe, kazi ya kumtoa mtu barabarani, kwa sababu naamini bajeti hukatwa kwa urahisi na watu wasioijua kazi inayokatwa.

Chukueni mtoto wa miaka kumi na miwili anayelala kwenye kituo cha matatu. Yeye na wenzake wana mahali pao, wenyewe wanapaita chuom, pana mkubwa wao na pana sheria zao. Afisa wa ustawi wa jamii haendi pale mara moja akamshika mkono. Huenda usiku, bila sare, bila gari lenye nembo, na mara za kwanza haulizi chochote. Mtoto huyo amekwisha kukimbizwa na kanjo, yaani askari wa kaunti, amepigwa na walinzi wa maduka, amedanganywa na watu wazima waliomuahidi chakula. Huchukua wiki nyingi kabla hajataja jina lake la kweli. Jina hilo likipatikana, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Inafuata gundi. Mtoto hunusa gundi ili asisikie njaa na baridi, na Nairobi wengine wamehamia mafuta ya ndege. Kumwachisha kunahitaji kituo chenye kitanda, muuguzi, chakula cha saa maalumu, na mshauri anayejua kusikiliza. Mtoto hutoroka, hurudi, hutoroka tena. Wafanyakazi wazoefu hawashtuki. Wanajua kutoroka mara ya pili hakumaanishi ameshindikana. Baada ya hapo afisa huanza kutafuta jamaa. Mtoto anakumbuka jina la soko, la mwalimu, au la mto. Afisa husafiri hadi huko, humkuta nyanya, hukaa naye chini, humuuliza kwa nini mtoto aliondoka. Kama aliondoka kwa sababu ya kipigo, na mpigaji bado yuko, huwezi kumrudisha. Kama aliondoka kwa njaa, lazima njaa hiyo ishughulikiwe kwanza, la sivyo unamrudisha kwenye njaa ileile.

Halafu karatasi. Shule inataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka kadi ya kliniki, barua ya chifu, kitambulisho cha mzazi, na mzazi huenda ni marehemu au hajulikani aliko. Mtu mzima wa mitaani hali yake ni hiyohiyo. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hawezi kuandikishwa kwenye bima ya afya ya jamii, na zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii zitampita hata kama amezidi miaka 70. Mipango yote mizuri tuliyoijenga imejengwa kwa mtu mwenye anwani. Kuna afisa mmoja tu ambaye kazi yake ni kumfikisha asiye na anwani mpaka kwenye dirisha la mipango hiyo, naye ndiye anayelipwa na fungu linalokatwa.

Hata mtoto akisharudi nyumbani na kuingia shuleni, hajapona. Mwaka wa kwanza ndio mgumu. Wenzake darasani ni wadogo wake, wanamcheka. Nyanya amechoka. Rafiki zake wa chuom wanamkumbuka, naye anawakumbuka. Asipotembelewa katika miezi hiyo, asipolipiwa kilichobaki kulipwa, atadandia lori lilelile lililomleta mara ya kwanza.

Kazi hii ni kama tiba: dawa za kifua kikuu hunywewa miezi sita. Mgonjwa akiziacha mwezi wa pili kwa kuwa zimeisha zahanatini, harudi mwanzo tu. Ugonjwa huweza kurudi ukiwa sugu, na tiba yake huwa ndefu na ghali zaidi. Fedha za kazi hii zikikatizwa katikati ya mwaka, hivyo ndivyo inavyokuwa. Kituo huacha kupokea wapya. Mshauri ambaye mtoto alianza kumwamini huambiwa mkataba umekwisha. Safari za kuwatembelea waliorudi makwao husimama kwa sababu hakuna mafuta ya gari. Na mtoto aliyekuwa ametaja jina lake la kweli hujifunza kwamba watu wa Serikali nao, kama wale wengine, hupotea. Mwaka ujao fedha zikija, hakuna atakayemfanya alitaje tena. Ndiyo maana nasema kwamba nusu ya bajeti katika kazi hii haileti nusu ya matokeo. Huenda isilete chochote, na bado mkaguzi ataandika kwamba fedha zilitumika.

Mfano wa kazi isiyokatizwa tunao hapahapa Kenya. Mwaka 1959, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianza na vibanda viwili vya mabati Nairobi kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakizurura mjini, wengi wao wakiwa wameachwa bila wazazi na miaka ya Hali ya Hatari. Vibanda hivyo ndivyo Starehe. Leo ni shule ya kitaifa ambayo kila mzazi wa nchi hii angependa mwanawe aitwe huko, na wahitimu wake ni madaktari, mahakimu, wahandisi, maprofesa. Griffin aliiongoza mpaka kifo chake mwaka 2005. Hakuna mfadhili aliyemwambia mwaka wa tatu kwamba wavulana wake wamechukua muda mrefu mno kuwa watu. Mwaka 1973 Padri Arnold Grol, Mholanzi, alianzisha Shirika la Undugu kwa vijana wa barabara za Nairobi, na maelfu ya watu wazima wanaojitegemea leo walipita mikononi mwa shirika hilo. Kwa hiyo kusema kwamba watu hawa hawarekebishiki ni kusema jambo ambalo historia yetu wenyewe inalikanusha.

Na tusidhani kwamba Serikali ilikuwa haitumii fedha kwa watu hawa kabla ya 2003. Imetumia siku zote. Wakoloni walituletea sheria ya uzururaji, na kwa sheria hiyo Mwafrika asiye na kazi wala makao mjini alikamatwa, akafungwa au akarudishwa kijijini. Tukapata uhuru, sheria ikabaki. Ilifutwa mwaka 1997. Sheria ilifutwa lakini tabia haikufutwa. Kila anapokuja mgeni mkubwa, au kila inapokaribia sherehe ya kitaifa, malori hutoka usiku. Februari 2019 watoto wa mitaani wa Nakuru walisombwa wakaenda kutupwa msituni Chemususu, katika Kaunti ya Baringo, na nchi nzima ikashika kichwa. Mwaka uliofuata, Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za kumuadhibu mtu kwa uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika.

Lori lile lina mafuta ndani yake. Askari wa kaunti wanaopanda nyuma yake wanalipwa mshahara na marupurupu ya usiku. Seli wanamolazwa, chakula cha rumande, saa za hakimu, kitanda cha hospitali cha aliyepigwa, vyote vinalipwa na mlipa kodi. Tofauti ni kwamba gharama hizo zimetawanyika katika bajeti za polisi, mahakama, magereza na hospitali, na hakuna anayezijumlisha. Hazina ya Familia za Mitaani imewekwa wazi kwenye mstari wake mmoja, na kwa hiyo ndiyo inayoonekana kuwa mzigo.

Najua hoja zinazotolewa, na baadhi zinatolewa na watu ninaowaheshimu.

Ya kwanza ni kwamba fedha hazipo, nchi ina madeni. Sibishi kuhusu madeni. Lakini Katiba ya 2010 ililiona jambo hili mapema. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe, makao na huduma za afya. Halafu kifungu cha 20(5) kinasema kwamba Serikali ikidai haina rasilimali za kutekeleza haki za kifungu cha 43, ni juu ya Serikali yenyewe kuthibitisha kwamba hazipo, na kwamba katika kugawa ilicho nacho iangalie hali ya walio dhaifu zaidi. Waheshimiwa, mzigo wa kuthibitisha si wa mtoto wa Kongowea. Ni wa anayekata fungu. Kila bajeti ya ziada inapoletwa Bungeni na mstari huu umepunguzwa, mna haki ya kuuliza uthibitisho huo uko wapi, na naamini mna wajibu pia.

Hoja ya pili ni kwamba tuna mpango wa nyumba za bei nafuu, na kila mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, mwajiri naye akiongeza kiasi hichohicho. Ni kweli. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 ina hata kundi la nyumba za jamii kwa mwenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi. Lakini nyumba hizo huombwa kwa kitambulisho na hulipiwa kila mwezi. Anayelala kwenye baraza ya duka hana cha kuanzia. Anahitaji mtu wa kumfikisha kwenye mlango huo, na mtu huyo, kama nilivyosema, analipwa na fungu tunaloliombea ulinzi. Ningependa pia Bunge lifikirie kutenga sehemu ya nyumba hizo za jamii, ndogo tu, kwa familia zinazotoka barabarani. Anayetoka kituoni baada ya mwaka mzima wa kazi akikosa chumba, tumemtengeneza bure.

Ya tatu hupendwa sana na watu wema: misikiti, makanisa na wafadhili wafanye kazi hii. Wanafanya, na Mwenyezi Mungu awalipe. Chakula cha Ijumaa na futari ya Ramadhani zimewaweka hai wengi katika mji huu. Lakini mwaka 2025 tulijifunza somo zito kuhusu fedha za watu wengine. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Wauguzi na wahudumu wa jamii walitumiwa ujumbe wa kuacha kazi wakiwa katikati ya kazi. Amri ilitoka nje na hatukuwa na wa kumwuliza. Kwa fedha zetu tuna wa kumwuliza: tuliwachagua nyinyi.

Wengine husema kwamba ukiwasaidia wa mjini, wa vijijini watajaa mjini. Hakuna mama anayemwacha mtoto wake alale mtaroni ili apate godoro la kituo. Watu huja mjini kwa yale yaliyowatoa kwao, na hayo nimekwisha kuyataja.

Nimetaja Marekani, nirudi huko mara moja, maana yapo ya kujifunza na tunao ndugu zetu wengi wanaoishi huko. Hesabu ya usiku mmoja wa Januari 2024 ilikuta watu 771,480 wasio na makao katika nchi hiyo tajiri, wengi kuliko mwaka wowote tangu hesabu hizo zianze. Lakini ndani ya idadi hiyo kuna kundi moja lililokuwa likipungua: wanajeshi wastaafu. Mwaka 2010 walikuwa zaidi ya 74,000; mwaka 2024 walibaki 32,882. Maveterani hawa walikuwa na umaskini, ulevi na magonjwa ya akili kama wengine. Kilichowatofautisha ni kwamba wabunge wa vyama vyote viwili walikubaliana kuwatengea fedha mwaka baada ya mwaka: hati ya kulipia kodi ya nyumba, pamoja na mhudumu wa kumfuatilia kila aliyepewa hati hiyo. Marais walibadilika na fungu likabaki. Ufini nayo imefuata njia ya kumpa mtu nyumba kwanza na kumtibu akiwa ndani yake, tangu mwaka 2008, kwa serikali za mirengo tofauti, na kwa miaka mingi idadi ya wasio na makao ilishuka. Palipokuwa na mafanikio, nimekuta subira ya bajeti.

Kwa hiyo naomba nini hasa? Naomba mbunge mmoja kati yenu, au maseneta na wabunge kwa pamoja, walete mswada wa kuiondoa Hazina ya Familia za Mitaani kwenye notisi na kuiweka kwenye sheria. Sheria hiyo itaje kiwango ambacho fungu halitashuka chini yake, kama mlivyofanya kwa maeneobunge. Sitaji asilimia, wachumi wenu wa Ofisi ya Bajeti ya Bunge wataipima vizuri kuliko mimi. Itaje pia kwamba bajeti ya ziada haitagusa fedha zilizokwisha kuahidiwa vituo katika mwaka unaoendelea, na kwamba zitolewe kila robo mwaka kwa tarehe inayojulikana, kwa sababu fungu lililopitishwa Julai likafika Mei ni fungu lililokatwa.

Pamoja na ulinzi huo, wekeni ukaguzi mkali. Ulinzi bila ukaguzi hualika wezi, na wezi wa fedha hizi wapo, sitawafichia. Kila kituo kieleze kilipokea wangapi, wangapi walirudi makwao, na baada ya mwaka mmoja wangapi bado wako huko. Sensa irudiwe kwa vipindi vilivyowekwa na sheria. Tangu 2018 tumepitia korona, ukame na mafuriko, na bado tunapanga kwa hesabu za kabla ya mambo hayo yote.

Na waheshimiwa wa bunge la kaunti, nanyi nawaomba. Mombasa iwe na mstari wake, unaosomeka katika bajeti yake, kwa ajili ya afisa wa usiku, kitanda na muuguzi. Fedha za lori tumezipata kila mwaka, na fedha za muuguzi nazo zitapatikana.

Ndugu wananchi, makadirio ya bajeti hufika Bungeni miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili. Kifungu cha 221 cha Katiba kinaitaka kamati ya Bunge ikusanye maoni yenu na iyazingatie. Andikeni. Mwandikie mbunge wako kwa jina lake, kwa Kiswahili chako cha kawaida, umwambie kwamba umeona mstari wa familia za mitaani na unataka kujua umepunguzwa kwa nini. Watu 7,529 waliohesabiwa katika mji huu wengi wao hawana kitambulisho, hawapigi kura, na hakuna mwanasiasa atakayeanguka kwa sababu yao. Sisi tunapiga kura. Tuwaombee wao kwa kura zetu, na waheshimiwa, pelekeni mswada huu Bungeni kabla ya bajeti ijayo kusomwa.